Mabomba Marefu, Pikapu Fupi

Juma hili nilikuwa nimekusudia kuzungumzia jambo jingine kabisa, lakini kuna tukio lililonipata barabarani ambalo limenifanya niliweke lile kando. Katika tukio hilo mwenye mzigo nilikuwa mimi mwenyewe, kwa hiyo sina mtu wa kumsingizia.

Nilikwenda Gerezani, jijini Dar es Salaam, kununua mabomba ya chuma. Nyumbani kwangu ni upande wa Mbagala, na maji huko ni ya leo yapo kesho hayapo. Nikaamua kujenga mnara mdogo wa kuwekea tangi la lita 2,000. Fundi wangu akapiga hesabu, akaniandikia kwenye karatasi: mabomba 8 ya inchi 2, mazima. Hilo neno "mazima" alilipigia mstari, maana yake yasikatwe dukani. Kila bomba lina urefu wa mita 6, au futi 20 kwa hesabu ya watu wa zamani kama mimi.

Nikakodi pikapu hapo hapo nje ya duka. Vijana wakayapandisha mabomba, wakayaegemeza juu ya ile fremu ya chuma iliyo nyuma ya kabini, mikia ikatoka nje kwa nyuma. Wakazungusha mpira wa tyubu kuukuu mara mbili tatu, wakaukaza. Dereva akautikisa mzigo kwa mkono mmoja, akasema, "Hapa hata tukienda Mtwara, mzee, haitoki hata moja."

Hatukwenda Mtwara. Tulishika Barabara ya Kilwa salama salimini, na mimi nikaanza kusinzia. Tulipoiacha barabara kuu na kuingia barabara ya mtaani, yenye matuta kila baada ya nyumba chache, nikasikia nyuma yetu chuma kikisugua chuma, halafu kishindo, halafu kelele za watu. Dereva akasimama. Kushuka, nikakuta bomba moja la katikati ya fungu limeteleza na kutokeza nyuma karibu mita 1 zaidi ya wenzake. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akitufuata alilikwepa dakika ya mwisho, pikipiki ikalala, naye akaangukia goti. Alikuwa amebeba trei mbili za mayai. Mayai yote yalikuwa uji.

Tulimnyanyua, tukamsafisha lile goti, nikamlipa mayai na nauli ya kwenda zahanati. Nilipomwomba radhi alinijibu neno ambalo limenikaa kichwani hadi leo. Alisema, "Mzee, mimi hilo bomba sikuliona kabisa. Niliona gari tu." Wala hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeshangaa.

Mwanzoni nilidhani anajitetea. Bomba la mita 6, lenye urefu wa kupita watu watatu waliolala mstari mmoja, mtu mwenye macho mawili atasemaje hakuliona? Lakini jioni ile, mabomba yakiwa yamelala uani, nilikwenda nikachuchumaa mwisho wake na kuyatazama kwa upande wa ncha. Ndipo nikamwelewa. Ukilitazama kutoka ubavuni, bomba ni refu. Ukilitazama kutoka nyuma, halina urefu wowote. Ni kijiduara cha inchi 2, sawa na mdomo wa glasi ndogo ya kahawa, tena chenye rangi ya kijivu kama lami na kama vumbi la barabara. Sisi tunaopakia mzigo tunasimama ubavuni, na mwenye duka na askari wa barabarani nao wanauona kutoka ubavuni. Anayeuona kwa ncha ni yule mmoja tu anayetufuata, na ndiye huyo ambaye ncha yenyewe imemwelekea usoni.

Basi nikaona tuulizane, ndugu msikilizaji: ni kitu gani hasa kinachotokea kati ya bomba refu na pikapu fupi? Kwa sababu wengi wetu tunajenga, na kila anayejenga mjini hapa, ipo siku atapeleka chuma kirefu nyumbani kwake.

Tuanze na urefu wenyewe. Viwandani mabomba ya chuma hukatwa mita 6, yawe ya duara au yale ya mraba ambayo mafundi huyaita skwea paipu. Ndiyo desturi ya biashara hiyo. Kuna mengine yana mita 5 na sentimeta 80, na hayo hukatwa hivyo ili yaweze kuingia ndani ya kontena la futi 20, ambalo kwa ndani halifiki mita 6 kamili. Kwa hiyo ukienda kununua, chukua futi yako upime. Sentimeta 20 zilizopungua katika kila bomba zinaweza kumvurugia fundi hesabu yote.

Nondo ndizo ndefu kupita zote, mita 12, lakini nondo zina bahati moja: zinakunjwa katikati, zikabebwa kama herufi U. Bomba halikubali hivyo. Ukilikunja linabonyea, na likishabonyea si bomba tena, ni chuma chakavu. Kwa hiyo bomba lazima lisafiri limenyooka, kwa urefu wake wote.

Sasa tazama gari. Pikapu ya kawaida yenye kabini moja, kama zile Toyota Hilux tulizozizoea, sehemu yake ya mizigo ina urefu wa mita 2 na kama sentimeta 30 hivi. Ile yenye milango minne ni fupi zaidi, mita 1 na nusu tu. Na yale magari madogo tunayoyaita kirikuu, bodi yake haifiki mita 2, na gari lenyewe kutoka pua hadi mkia halifiki mita 3 na nusu. Yaani bomba moja linakaribia urefu wa kirikuu mbili zilizopangwa mstari mmoja. Hata hivyo kila siku tunaziona kirikuu zimebeba mabomba, zinapita na masharubu mbele na mkia nyuma, nasi tunacheka.

Watu wengi hudhani tatizo ni uzito. Si uzito. Bomba la inchi 2 la unene wa kawaida lina kilo kama 30, kwa hiyo mabomba yangu 8 yalikuwa kilo 240. Hiyo haifiki hata mifuko 5 ya saruji, na pikapu yenye afya njema haitaushtukia mzigo wa namna hiyo. Hapo ndipo udanganyifu ulipo. Dereva hausikii mzigo, gari linapanda na kukata kona kana kwamba ni tupu, naye anaendesha kana kwamba ni tupu.

Tatizo la kwanza ni mahali pa katikati. Chuma chochote kilicho sawa mwanzo hadi mwisho kina mizani yake katikati kabisa. Kwa bomba la mita 6, mizani iko kwenye mita ya 3. Sasa ukililaza bomba ndani ya bodi, ncha yake ya mbele ikagusa kabini, bodi inaishia kwenye mita 2 na sentimeta 30. Ile katikati ya bomba imeshatoka nje. Lazima mkia uanguke na kichwa kinyanyuke, isipokuwa kuna kitu kinachokandamiza kichwa hicho. Ndiyo maana utaona vijana wamekaa juu ya ncha za mbele za mabomba, wamegeuzwa kuwa jiwe la mizani. Gari likirushwa na tuta, kijana naye anarushwa, na hapo hapo yale mabomba aliyokuwa akiyakandamiza yanapata uhuru wao. Nimeona watu wazima wanaojiheshimu wakikubali kukaa hivyo ili kuokoa nauli. Nawasihi, mzigo ukihitaji mtu wa kuukalia, basi haujapakiwa.

Kwa sababu hiyo wapakiaji wenye uzoefu huegemeza mabomba juu ya fremu ya nyuma ya kabini. Sehemu moja ya bomba inapita juu ya paa kwenda mbele, nyingine inatoka nyuma, na mizani inakaa kati ya fremu na mlango wa nyuma. Huo ni upakiaji mzuri kwa upande wa mizani. Kama mita 1 na sentimeta 70 zikitangulia mbele ya fremu, ncha inaishia juu ya boneti, haipiti pua ya gari, na nyuma zinabaki mita 2 zilizotokeza. Hata sisi tulipakia namna hiyo.

Lakini utatuzi wa tatizo la kwanza unazaa la pili, nalo ndilo lililonikuta mimi. Fremu iko juu, mlango wa nyuma uko chini. Bomba limelala kwa mteremko kuelekea nyuma, na mteremko huo si mdogo. Kwa pikapu nyingi, kila mita 1 ya bodi, bomba linashuka kama sentimeta 25. Ni kama kukiweka kitu juu ya ubao ulioinamishwa kwa robo.

Sasa, ni kitu gani kinachokizuia kisiteleze? Ni msuguano. Lakini mabomba mapya huja na mafuta, yale yanayopakwa ili yasishike kutu, na chuma chenye mafuta juu ya chuma ni kama sabuni juu ya sahani. Msuguano wake mara nyingi haufiki hata robo ya uzito wa mzigo. Mteremko unavuta kwa robo ya uzito, msuguano unazuia kwa kama robo ya uzito. Hapo gari likiwa limesimama mbele ya duka, bomba linatulia, na dereva anautikisa mzigo kwa mkono mmoja na kuridhika. Kumbe limetulia kwa bahati.

Halafu gari linafika kwenye tuta. Magurudumu ya nyuma yanapanda, yanashuka, na kwa muda mfupi mno mzigo unakuwa mwepesi, kama vile tumbo linavyokuwa jepesi basi likiruka shimo. Katika muda huo hakuna uzito, na pasipo uzito hakuna msuguano. Bomba linashuka kidogo, labda upana wa kidole. Tuta la pili, kidole kingine. Halitoki kwa kishindo ili dereva asikie. Linatoka pole pole kama kobe, na baada ya matuta 20 limetokeza kwa upana wa vidole 20. Kisha dereva anakanyaga mafuta kuwahi nafasi, na lile lililokwisha kulegea linachomoka. Kile kishindo nilichokisikia mimi kilikuwa mwisho wa safari ndefu ambayo bomba lile lilikwisha kuianza tangu tuta la kwanza.

Na kwa nini lilichomoka la katikati, wala si la pembeni? Kwa sababu mpira ulikuwa umeyashika ya pembeni tu. Ukikumbatia kuni 8, mikono yako inazigusa zile za nje. Zile za ndani zinashikwa na wenzao. Kwa kuni, zenye magamba na mafundo, inatosha. Kwa mabomba ya duara yenye mafuta haitoshi hata kidogo. Tena mpira wa tyubu, pamoja na sifa zake zote za kubebea vitanda na magodoro, una tabia ya kuvutika. Unabana, lakini ukivutwa unakubali. Kitu cha kuzuia chuma hakipaswi kukubali.

Breki nazo zina hesabu yao, na hii ni ya kutisha zaidi. Gari likifunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, kila kilicho ndani yake kinasukumwa mbele kwa nguvu inayofikia kama sehemu 7 kati ya 10 za uzito wake. Kwa kilo zangu 240, huo ni msukumo wa kama kilo 170. Ukiondoa ule msuguano na ule mteremko, ambao safari hii unasaidia kidogo, bado unabaki msukumo unaozidi kilo 50, mzito kuliko mfuko mzima wa saruji, na huo ni lazima uzuiwe na kamba peke yake. Kama mabomba yamelazwa chini bodini bila mteremko, msukumo unaobaki unaongezeka maradufu, na kilicho mbele yake ni kile kioo cha nyuma cha kabini, nyuma ya kisogo cha dereva. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Bomba lisilofungwa haliambiwi kwamba gari limesimama. Linaendelea na mwendo ule ule, na ncha yake ya duara, iliyokatwa kwa msumeno, ni kali kama kikata maandazi.

Basi tufanyeje? Nilirudi Gerezani siku nyingine nikawauliza wapakiaji wawili watatu wenye mvi, nikalinganisha maneno yao na niliyoyaona mwenyewe.

Kwanza, mabomba yafungwe yenyewe kwa yenyewe kabla hayajafungwa kwenye gari. Fungu moja, si mabomba 8. Waya wa kufungia nondo uzungushwe mara mbili kulizunguka fungu lote, sehemu tatu: karibu na ncha ya mbele, katikati, na karibu na ncha ya nyuma, kisha ukazwe kwa koleo mpaka mabomba ya ndani yabanwe. Mzee mmoja alinionyesha hila nzuri. Katikati ya fungu anapachika vipande vya gunia kati ya bomba na bomba. Nyuzi za gunia zinalishika bomba la ndani mahali ambapo waya hauwezi kulifikia. Na kabla ya yote, afute yale mafuta kwa kitambaa kikavu sehemu zitakazofungwa. Ni kazi ya dakika 2.

Pili, gunia jingine liwekwe juu ya fremu na jingine juu ya mlango wa nyuma, ili chuma kisilale juu ya chuma. Kipande cha tairi kuukuu kinafaa vile vile. Hapo ule msuguano unapanda sana kwa gharama ya bure.

Tatu, kamba. Kamba ya katani au ya nailoni yenye unene wa kidole, si uzi wa kuanikia nguo. Na isipite juu ya mzigo tu kama mkanda. Iuzunguke mzigo mzima mara moja kamili, ijikabe yenyewe, ndipo iende kwenye ndoano ya bodi. Kamba inayopita juu inazuia mzigo usiruke. Kamba inayozunguka inazuia usiteleze. Inatakiwa ifungwe kwenye fremu, tena ifungwe nyuma, na ya tatu iliyofungwa kwenye fungu upande wa nyuma ivutwe kuelekea mbele ya bodi. Hiyo ya tatu ndiyo inayoukatalia mzigo kushuka mteremko. Nimeona kwamba hiyo ya tatu ndiyo ambayo karibu kila mtu huisahau, pengine kwa sababu haionekani kuwa na kazi gari likiwa limesimama.

Halafu baada ya kilomita 2 au 3, dereva asimame ashuke akaze tena. Kamba mpya inalegea, mabomba yanajipanga. Dereva wa kukodi hapendi kusimama. Mwenye mzigo ndiye anayelipa, basi aseme.

Nije kwenye lile la kuonekana. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema mzigo unaotokeza zaidi ya mita 1 mbele au nyuma ya gari lazima uwekewe alama, na usiku lazima kuwe na taa nyekundu na kiakisi chekundu nyuma, na vyeupe mbele. Hayo si mapya kwetu, sote tunajua habari ya kitambaa chekundu. Ila tazama vitambaa vyenyewe. Zamani ilikuwa ni mfuko wa rambo mwekundu, na tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 1, 2019, naona imekuwa ni kipande cha kanga kilichochanika, chenye upana wa mkono wa mtoto, kimening'inia kwa unyonge. Kimewekwa ili askari akiulizia kiwepo. Yule kijana wa bodaboda kingemsaidia nini?

Kitambaa kinatakiwa kirudishe ule upana ambao bomba halina. Kiwe na sentimeta 30 au 40 kila upande, kifungwe kwenye ncha ya bomba lililotokeza kuliko yote, na kisiachwe kijiviringishe na upepo. Wapo wanaotoboa kipande cha bati au ubao mdogo uliopakwa rangi nyekundu na kukifunga mwishoni mwa fungu zima, kama kifuniko. Huo ni uhodari mkubwa, kwa maana unafanya kazi mbili: unaonekana, tena unaziba ncha zote. Usiku, tochi ndogo nyekundu ya baiskeli inatosha, lakini ushauri wangu ni mfupi: usiku usibebe.

Liko jambo jingine ambalo madereva wengi wanalijua na abiria hawalijui. Gari likikata kona, yote yaliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma yanakwenda upande wa pili. Ukikata kulia, mkia unakwenda kushoto. Kwa gari tupu mkia huo ni mfupi, hakuna anayeona. Lakini mabomba yakitokeza mita 2, ncha iko zaidi ya mita 3 nyuma ya magurudumu hayo. Kama fungu limelazwa upande wa kushoto wa bodi na dereva akakata kulia kwa mkato mkali, ncha zinaweza kutoka nje ya ubavu wa gari kwa zaidi ya nusu mita. Na kwetu sisi tunaoendesha kushoto, ni nani anayekuwa upande huo? Ni waenda kwa miguu, mama mwenye sinia la maandazi, watoto wanaotoka shule, na bodaboda anayepenya pembeni. Wao wanaona gari linaondoka, linawapa kisogo, hawana sababu ya kuogopa. Kwa hiyo fungu lilazwe katikati ya bodi, na kona ikatwe kwa upana na pole pole, utingo akiwa ameshuka kuwasogeza watu.

Kushusha nako kuna mambo yake, nitapita haraka. Kamba ifunguliwe, isikatwe kwa panga ikiwa imekazwa. Mabomba yashushwe na watu wawili, moja moja, wakisema kwa sauti moja. Na jamani, bomba lisisimamishwe wima uani kabla hujatazama juu. Likisimama ni mita 6, mikononi mwa mtu mwenye jasho, na waya wa umeme unaoingia nyumbani kwako huenda uko chini ya hapo.

Sasa nirudi kwa fundi wangu na lile neno lake "mazima". Nilimuuliza kwa nini hakutaka yakatwe dukani. Alinipa sababu tatu, na zote zina ukweli. Wakataji wa dukani wana haraka, wanaweza kukosea kipimo. Kukata kunalipiwa. Na vipande vinavyobaki, alisema huku akicheka, vina tabia ya kubaki huko huko dukani.

Tukakaa chini na ile karatasi yake. Mnara wetu una miguu 4, kila mguu mita 3. Vya kukingama, na vile vya sakafu ya tangi, vyote ni mita 1 na nusu. Chukua mita 6 ugawe kwa 3, ni vipande 2 kamili. Gawa kwa 1 na nusu, ni vipande 4 kamili. Ukiacha upana wa meno ya msumeno, hakuna kipande chochote cha kubaki dukani wala popote. Kama mabomba yote 8 yangekatwa katikati tu pale dukani, mkato mmoja kila bomba, ningeondoka na vipande 16 vya mita 3. Kipande cha mita 3 kina mizani yake kwenye mita 1 na nusu, ndani kabisa ya bodi ya pikapu. Kinalala chini bila mteremko, kinatokeza nyuma sentimeta 70 tu, na kamba mbili zilizozungushwa vizuri, na gunia dhidi ya kabini, vinatosha kukifikisha Mbagala. Mikato 8. Fundi aliitazama karatasi kwa muda, akasema, "Hilo sikulifikiria, mzee. Mimi nilifikiria kazi, sikufikiria njia."

Si kila kazi inakubali hivyo. Mwenye kutengeneza kenchi za chuma za paa anahitaji urefu wote, na mwenye geti pana vile vile. Huyo namshauri atafute Canter, ambayo bodi yake ina mita 4 na ushee, mizani ikaingia ndani na mkia ukapungua. Kama nauli yake ni kubwa, basi ashirikiane na jirani anayejenga. Mtaani kwetu siku hizi kila nyumba ya tatu inajenga, wa kushirikiana naye hakosekani. Lakini kabla ya hapo, na kabla ya kulipa, mwombe fundi vipimo vya vipande badala ya idadi ya mabomba, ukae navyo wewe mwenyewe na kalamu.

Mnara umesimama sasa, na tangi liko juu. Yule kijana wa bodaboda anakaa mtaa wa pili, na goti limepona. Juzi alipita, nilikuwa nje, akapunguza mwendo akaniuliza kwa sauti kama nina safari nyingine ya Gerezani hivi karibuni, ili siku hiyo mayai ayapitishe njia nyingine. Nikamwambia ninahitaji bomba 1 la ngazi, na nitalileta likiwa vipande viwili.

Hadi juma lijalo, kwaherini.